Mjue asemaye kabla hujalipima neno

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu kila siku huingia habari za dawa, za siasa, za nafasi za kazi, pamoja na sauti za watu wasiojulikana wakitoa maonyo. Nyingi hutumwa na mjomba wetu mkubwa, mtu mwenye heshima zake, naye huzituma kwa nia njema. Mimi si mwandishi wa habari, elimu yangu ni ya kidato cha nne, na picha za siku hizi huwezi kuzitofautisha na za kweli. Je, naweza kujifunza kuutambua uongo na kuwafundisha wanangu? Na nikiutambua, nifanyeje bila kumvunjia mjomba heshima? Mama wa watoto watatu, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mama. Naona suala la elimu ndilo linalokutia unyonge, basi nianze nalo, kwa kuwa usomi peke yake haumkingi mtu na uongo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walieleza jaribio walilowapa watu wa aina tatu: wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuthibitisha habari. Walionyeshwa, pamoja na mambo mengine, tovuti za vyama viwili vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayokaribiana. Kimoja kilianzishwa mwaka 1930 na kina wanachama zaidi ya 60,000, na kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, walizisoma kurasa hizo kwa utulivu kutoka juu hadi chini, wakaridhishwa na nembo, mpangilio na lugha ya kitaalamu, na mwishowe wakashindwa kusema ni kipi cha kutegemewa. Wathibitishaji wa habari hawakuzisoma hivyo. Baada ya muda mfupi waliziacha, wakafungua kurasa nyingine, na kutafuta watu wengine wanasema nini juu ya vyama hivyo.

Hiyo ndiyo stadi yenyewe, na wewe tayari unaitumia katika mambo mengine. Mtu anayenunua kiwanja Kihonda hakai akiikodolea macho karatasi aliyopewa na muuzaji ili aone kama mhuri wake unang'aa. Huenda kwa majirani wa eneo lile, huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya ardhi, kwa sababu anajua kwamba karatasi iliyotoka mkononi mwa muuzaji haiwezi kumtolea ushahidi muuzaji huyo huyo. Ujumbe uliopokea kwenye simu uupime vivyo hivyo: usiuulize wenyewe kama ni wa kweli, toka nje yake ukaulize kwingine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mafunzo mengi yanayotolewa kwetu bado yanawaambia watu watafute dalili ndani ya ujumbe, kama vile makosa ya tahajia, picha yenye ukungu, au mkono wenye vidole sita katika picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Dalili hizo zinasaidia zinapokuwepo, lakini kukosekana kwake hakuthibitishi chochote, na kila mwaka zinapungua. Mwongo mwenye bidii huandika Kiswahili fasaha. Sauti ya kiongozi inaweza kuigizwa na kompyuta mpaka mkewe akadanganyika, na hakuna jicho, hata la mtaalamu, litakaloendelea kushinda mashindano hayo. Swali ambalo teknolojia haijaweza kulizima ni hili: nani amelisema jambo hili kwa jina lake, na ni nani mwingine, asiyemtegemea yeye, aliyelithibitisha?

Chukua yaliyotokea Kenya mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti. Zilisambazwa video zilizotengenezwa kwa nembo, rangi na mpangilio wa vipindi vya BBC na CNN, zikitoa matokeo ya kura za maoni ambayo vyombo hivyo havikuwahi kuyatangaza. Mtazamaji aliyebaki ndani ya video hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa kila kitu alichozoea kukiona kilikuwepo. Aliyetoka nje na kuingia katika ukurasa wa BBC wenyewe hakuikuta habari ile, na muda si mrefu vyombo vyote viwili vilitangaza kwamba video hizo si zao. Waongo wale hawakuhitaji kujijengea sifa, walizikopa za wengine. Kwa hiyo ukiletewa habari yenye nembo ya chombo unachokiamini, usikubali kwamba nembo ni ushahidi. Ingia katika ukurasa wa chombo hicho, au subiri taarifa yake ya habari redioni, na kama jambo kubwa namna hiyo halimo, basi una sababu ya kutosha ya kutolipeleka mbele.

Miaka mitano baadaye, nchini humo humo, wananchi walipata silaha bora zaidi. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, yaani fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, hivyo aliyesikia kwamba kura za kituo fulani zimebadilishwa aliweza kuitafuta fomu ya kituo kile na kuisoma mwenyewe. Uvumi haukuisha, la hasha, ila safari hii palikuwa na mahali pa kwenda kuangalia. Kila unapoweza, ifuate nyaraka yenyewe: tangazo la wizara katika ukurasa wa wizara, matokeo ya mtihani katika tovuti ya Baraza la Mitihani, hotuba kamili badala ya sekunde 20 zilizokatwa.

Sehemu kubwa ya yanayotupotosha haikutungwa kabisa. Ni picha ya kweli ya ajali iliyotokea nchi nyingine miaka kadhaa iliyopita, iliyobandikiwa maneno kwamba imetokea jana Mikumi. Kwa picha kama hizo kuna njia nyepesi. Ihifadhi picha, au kama ni video isimamishe mahali panapoonekana vizuri upige picha ya kioo cha simu, kisha iweke kwenye Google Lens, ambayo itakuonyesha mahali pengine ambapo picha hiyo imewahi kutokea. Ukiikuta katika habari ya mwaka 2016, kazi imekwisha. Kwa maneno, tafuta madai yenyewe kwa ufupi pamoja na jina la taasisi inayothibitisha habari: kwa Tanzania wapo Nukta Fakti na JamiiCheck, na kwa Afrika Mashariki kwa jumla wapo PesaCheck na Africa Check. Taasisi hizi huonyesha njia waliyopita mpaka wakafikia jibu, na kusoma njia ile, kuliko hukumu ya mwisho, ndiko kutakakokufundisha zaidi.

Najua pia kwamba ushauri huu unagharimu fedha. Wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii tu, na kutoka nje ya WhatsApp kwao kunakata salio. Wanaotoa mafunzo haya mijini hulisahau jambo hili, kisha wanawashangaa watu wanaosoma kichwa cha habari pekee. Kama huna bando, zipo njia za zamani ambazo hazijachakaa: mpigie simu mtu anayeishi mahali inapodaiwa jambo limetokea, muulize mhudumu wa zahanati, au acha tu habari ikae hadi kesho. Ni habari chache mno zinazodai usambazaji wako ndani ya saa moja.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye ulaghai wenyewe, kwani mlaghai hakupi hiyo saa moja. Anajua kwamba mtu aliyetulia huuliza maswali, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kukuondolea utulivu. Ujumbe utakwambia uusome kabla haujafutwa, au kwamba kuna watu hawataki uujue, au utakuamuru uutume kwa watu kumi. Utamtaja daktari bingwa bila jina lake wala hospitali yake. Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu takriban milioni tatu kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi ya kusambazwa kuliko ya kweli, na kwamba waliosababisha tofauti hiyo walikuwa watu, si programu zinazojiendesha. Uongo ulikuwa mpya na wa kushangaza, ukiamsha mshangao na chukizo. Unapousoma ujumbe na damu ikakuchemka, au ukajisikia mwenye hofu, au mwenye furaha ya kuona kwamba ulilokuwa ukilisema siku zote sasa limethibitika, tambua kwamba hapo ndipo unapopaswa kusimama. Hisia ile haimaanishi kwamba habari ni ya uongo, ila inamaanisha kwamba kwa wakati huo huna uwezo mzuri wa kuipima.

Mazoea nayo yana nguvu yake. Tangu mwaka 1977, mtafiti wa saikolojia Lynn Hasher na wenzake walionyesha kwamba sentensi ambayo mtu ameisikia zaidi ya mara moja humwelekea kuwa ya kweli kuliko aliyoisikia mara moja tu, hata kama hakuna ushahidi mpya ulioongezeka. Ndiyo maana dai la dawa lililoingia katika makundi manne uliyomo huonekana limethibitishwa na watu wanne, ilhali chimbuko lake ni moja. WhatsApp huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupita katika mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo huweza kupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ilisema kwamba hatua hiyo ilipunguza usambazaji wa jumbe hizo kwa asilimia 70. Mishale ile haikuambii kwamba ujumbe ni wa uongo. Inakuambia kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika, na huenda hata yeye hamjui aliyeuandika.

Kuna ulaghai wa fedha, na huu nitaupita upesi kwa sababu unaujua. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" hautumwi kwako kwa kuwa mtu amekuchunguza. Hutumwa kwa maelfu, na miongoni mwao lazima awepo mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa akitaka kumtumia mwenye nyumba kodi. Piga simu kwa namba unayoijua ya yule unayemdai au anayekudai, na namba ya tapeli itume 15040 kama mamlaka ya mawasiliano inavyoelekeza. Nafasi za kazi serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika tovuti yake, na anayedai fedha ili akuunganishe na kazi hiyo ni mwizi.

Ulaghai wa kisiasa na wa chuki ni mzito zaidi, na kwa huo hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na mwanzoni wengi waliipenda kwa muziki wake mzuri na watangazaji wachangamfu waliopiga soga kama vijana wa mtaani. Ndani ya burudani hiyo Watutsi waliitwa mende, siku baada ya siku, mpaka neno likazoeleka, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, redio hiyo ikawa inataja watu na mahali walipojificha. Desemba 2003, hapa Arusha, majaji wa mahakama ya kimataifa waliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Ninalotaka ulione katika kisa hiki ni utaratibu wake: kwanza unachekeshwa, kisha unazoeshwa kuwaona watu fulani kuwa si watu, na habari za uongo huja baadaye zikiwa zimeshaandaliwa mahali pa kukaa. Ukiona ujumbe, hata wa utani, unaolifanya kabila, dini au chama kizima kuwa wadudu au ugonjwa, huhitaji kuuthibitisha kwa Google Lens. Umeshajua aliyeutengeneza anataka nini kwako.

Sasa nije kwa mjomba, kwa kuwa naamini hilo ndilo swali lako gumu. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, Agosti 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo mwezi Septemba. Karibu robo yao, asilimia 25.5, walisema ugonjwa huo haupo, na asilimia 31.9 tu ndio walioamini kwamba viongozi wa pale wanawatakia mema. Ni rahisi kumwita mtu wa namna hiyo mjinga. Lakini watu wa Beni walikuwa wameuawa kwa mapanga na bunduki tangu mwaka 2014 bila dunia kujishughulisha, na ghafla wakaona magari mapya na wageni wengi wakija kwa ajili ya ugonjwa. Kisha mwezi Desemba ikatangazwa kwamba uchaguzi katika maeneo yao umeahirishwa hadi Machi, sababu mojawapo ikiwa ni Ebola, na rais mpya akaapishwa Januari pasipo kura zao kuhesabiwa. Aliyekuwa akivumisha kwamba Ebola ni mbinu ya kisiasa akapewa ushahidi wa bure. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Lakini jeraha lililowafanya watu waamini uvumi nalo lilikuwa la kweli, na aliyetaka kuuondoa uvumi alilazimika kuligusa jeraha hilo kwanza. Hata hapa kwetu, takwimu za Uviko zilipoacha kutolewa zikiwa zimefika wagonjwa 509 mwaka 2020, nafasi ile haikubaki wazi. Ilijazwa na sauti za WhatsApp.

Kwa hiyo kabla hujamsahihisha mjomba, jiulize ni jeraha gani linalomfanya ausambaze ujumbe ule. Mzee anayetuma dawa za kisukari huenda ana kisukari, na huenda amechoka kununua vidonge. Usimjibu mbele ya kundi, kwa maana hapo hutashindana na habari bali na heshima yake, na atalazimika kuitetea habari ili ajitetee yeye. Mpigie simu, au mtembelee. Muulize kwa adabu kwamba ujumbe huo ameupata kwa nani, na kama daktari anayetajwa anafahamika yuko hospitali gani. Maswali hayo mawili mara nyingi hufanya kazi kuliko hoja kumi. Unapomweleza, anza na lililo kweli na umalizie nalo, wala usiurudie uongo mara nyingi, ukikumbuka nilichosema juu ya mazoea. Mpe kitu mahali pa kile unachomwondolea: kama unasema mizizi ile haitibu kisukari, mwambie pia mhudumu wa kliniki alisema nini kuhusu mlo, na ujitolee kumsindikiza. Kisha mwombe yeye mwenyewe, kama mkubwa wa ukoo, alitangazie kundi kwamba amechunguza na kuona kwamba habari ile haina msingi. Ikiwa habari ni ya hatari, kwa mfano inawaambia watu waache dawa, usisubiri hayo yote. Andika katika kundi siku hiyo hiyo maneno machache yasiyomtaja mtu, kisha ndipo umpigie.

Nikutahadharishe pia na upande wa pili. Wapo watu ambao wakishajifunza mambo haya huishia kutoamini lolote, wakidhani huo ndio uerevu. Anayeamini kwamba vyombo vyote vinadanganya hubaki akimwamini yule anayempendeza, na hilo ndilo mlaghai analolitaka. Vyombo vya habari vina wamiliki, vina matangazo ya biashara, na vina mambo visivyoyagusa. Serikali nazo hukosea na wakati mwingine huficha. Tofauti uitafute kwenye mwenendo: chombo hiki huweka jina la mwandishi, hutaja chanzo, na kikikosea husahihisha hadharani? Vilevile usichukulie kwamba jambo linalovuma mtandaoni linavuma lenyewe. Uchunguzi uliochapishwa na taasisi ya Mozilla mwaka 2021 ulieleza jinsi vijana nchini Kenya walivyolipwa fedha kidogo ili kuzipandisha mada Twitter, zikiwemo za kuwashambulia majaji na wanaharakati. Wingi wa sauti ulikuwa umenunuliwa.

Kuhusu wanao, usiwape orodha ya makatazo. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alionyesha kwamba mtu aliyeonyeshwa mapema hoja dhaifu ya upotoshaji pamoja na majibu yake huhimili zaidi anapokutana na hoja kali, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza wamelitumia wazo hilo kutengeneza michezo ya kompyuta ambamo mchezaji anajifanya mwongo. Hata bila kompyuta unaweza kuufanya mchezo huo sebuleni. Mwambie mtoto achukue habari ya kweli ya gazeti la leo na aiandikie kichwa kitakachowatia watu hasira bila kubadilisha neno hata moja la habari yenyewe, au aichukue picha ya shughuli ya ukoo wenu na kuiwekea maelezo yatakayomfanya jirani aamini kwamba palikuwa na ugomvi. Wapeni wengine nafasi ya kueleza ni kitu gani kingewadanganya, na ni nani wangempigia simu ili wajue kilichotokea kweli. Anza na mdogo, kwa kuwa wakubwa wakitangulia yeye atawaiga tu.